Kipimo cha Pili cha Mzee wa Maziwa

Mtaa wetu mzima wa Gatongora, pale Ruiru, tulimjua kwa kengele. Kengele ya baiskeli, mbili fupi na moja ndefu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na ukichelewa kutoka na sufuria utamkuta ameshafika geti la tatu. Hakungoja mtu. Alisema maziwa hayajui kwamba wewe bado unatafuta slipa. Mimi nimemkimbiza zaidi ya mara moja, leso kiunoni na mswaki mdomoni, na yeye akisimama ananitazama tu, anatikisa kichwa. "Daktari, hata wewe?"

Mimi si daktari. Mimi ni mtu wa maabara: natoa damu, napokea mikojo, naandika majibu. Nilimweleza hivyo mara nyingi mpaka nikachoka. Kwake, mtu mwenye koti jeupe anayejua kupima kitu ni daktari, basi. Kwa hesabu hiyo yeye pia alikuwa daktari wa maziwa, na aliniambia hivyo bila aibu yoyote.

Jina lake nalijua, nililiandika kwa mkono wangu kwenye chupa ya damu yake, lakini sitaliweka hapa. Tulimwita Mzee wa Maziwa, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Na nitasema mapema, usije ukaniona mwema kuliko nilivyo: huyu mzee alikuja kwangu na ugonjwa ambao ungeweza kukamatwa mapema, nikamwambia neno la kumtuliza, akatulia kweli. Alitulia miaka miwili. Sasa amelala Murera, nyuma ya zizi lake, na haya yote ninayokusimulia, vituko vyake na maneno yake, nayasimulia nikiwa na hilo moyoni.

Tuanze na maziwa, maana bila maziwa humjui.

Alikuwa na kile kijiti cha kioo cha kupimia maziwa, chenye uzito chini, kinachoelea. Kikizama sana, maziwa yametiwa maji. Kikikaa juu, ni safi. Wachuuzi wengine wanacho pia, wanakionyesha kwa mteja mpya halafu hukioni tena. Yeye alipima kila siku, na alipima mara mbili. Asubuhi pale kwake Murera, ng'ombe akishakamuliwa tu, alipima. Halafu alinawa, akavaa, akanywa chai yake ya rangi (hakunywa maziwa, hebu fikiria), na maziwa yakishapoa akapima tena.

"Maziwa ya moto yanaweza kukusingizia," aliniambia siku moja, akiwa ameegemeza baiskeli kwenye geti langu. "Kijiti kinazama, unasema nani ametia maji humu, unaanza kugombana na mke wako bure. Maziwa yakipoa, pima tena. Hapo ndipo utajua."

Kulikuwa na mama mmoja wa ghorofa ya pili, Mzee alimwita Mama Lita Mbili. Wateja wote alituita kwa kiasi tunachonunua. Hakuwa na haja na majina ya watoto wetu. Huyu mama alinunua kijiti chake mjini Ruiru, akapima maziwa yakiwa bado vuguvugu, kijiti kikazama, akapiga kelele mpaka majirani wa kule nyuma wakatoka. Ati mzee ni mwizi, ati anauza maji ya mto. Mtu mwingine angejibu. Yeye alikaa kwenye ngazi. Alivua kofia, akaiweka gotini, akasema, "Mama, leta karai la maji baridi, weka hayo maziwa ndani, tungoje." Wakangoja. Wateja wa mbele wakakosa maziwa siku hiyo, wakampigia simu, hakushika. Maziwa yalipopoa kijiti kikakaa juu, na yule mama akatafuta mahali pa kuweka uso wake hakupata. Baada ya hapo alikuwa mteja wake wa kufa na kuzikana.

Lakini kipimo hicho hicho hakikumpendelea. Siku moja mke wake aliosha mikebe akasahau kumwaga maji ya mwisho kwenye mmoja. Kipimo cha pili kikakataa. Lita ishirini. Angeweza kuuza, nani angejua? Mke alimwambia auze kwa hoteli, watu wa hoteli hawapimi. Mzee akabeba mkebe mpaka kwenye mtaro akamwaga wote, mke akiwa amesimama pale. Mama, ndivyo tulivyomwita huyo mke wake, alinihadithia mwenyewe baadaye, na miaka mingi ilikuwa imepita, lakini bado alikuwa na hasira. Alisema siku mbili hakumpikia.

Kwa hivyo usiniulize mimi ilikuwaje mtu wa namna hiyo, mtu wa kupima mara mbili, akapimwa mwenyewe mara moja tu akaridhika. Jibu ninalo na nitakupa. Ngoja kidogo.

Baiskeli. Ilikuwa nyeusi, ile kubwa ya zamani yenye chuma cha kati na kiti kigumu cha ngozi kilichopasuka, akakishona mwenyewe kwa uzi wa viatu. Aliinunua siku alipopunguzwa kazi kwenye shamba la kahawa, pamoja na wenzake wengi waliotoka magharibi kama yeye. Wenzake walirudi kwao. Yeye alinunua baiskeli, akakodi kipande Murera, ambacho baadaye alikinunua, akaanza na ng'ombe mmoja. Alisema shamba lilimpa miaka ya kuinama, baiskeli ikamnyoosha. Jumapili akitoka kanisani, kabla hajala, aliiosha kwa kitambaa na mafuta ya taa, tairi hadi kengele. Mke wake aliiita mke mwenza, na hakuwa anatania sana.

Siku hizi Ruiru imejaa zile mashine za maziwa, unaweka sarafu unachotewa, hakuna salamu. Alizipita zikiwa na foleni ya watu, na akizifikia ndipo anapopiga kengele kwa nguvu zaidi. Watoto wa shule walimjibu kama babu yao, "Guka, niaje!" Naye: "Poa kama maziwa!" Alikuwa hana haya.

Hakuwa malaika. Alikuwa mzee wa kanisa, anaongoza sala, halafu umsikie akimkamua yule ng'ombe wake mwekundu! Maneno aliyomwambia yule ng'ombe siwezi kuyaandika. Na alikuwa mwongo wa aina moja tu: kuhusu mwili wake. Maji kwenye maziwa hakuyavumilia, lakini ukimwuliza "Mzee, unaumwa?" anakwambia ni baridi. Amekatwa na panga, ni mkwaruzo. Jino limevimba mpaka jicho linafunga, amelalia vibaya.

Ndiyo maana alipoingia maabara yetu, siku ya kazi kama saa tano, akasema kwa sauti ya kusikika hadi nje, "Nimekuja kupima malaria," nilijua si malaria. Ilikuwa maabara ndogo ya vyumba viwili, benchi moja. Aliwapisha watu wote. Kila nikimwita anasema, "Mpime huyu kwanza, mimi sina haraka." Mzee wa Maziwa hana haraka! Benchi lilipobaki tupu alitoa karatasi mfukoni, imekunjwa ikawa ndogo kama tikiti. Daktari wa kliniki ya jirani alikuwa amemwandikia vipimo viwili, mkojo, na ile damu ya kuangalia tezi dume.

"Mkojo unanichezea," alisema, akitazama kalenda ukutani. "Nasimama pale mpaka naona aibu na ukuta. Ukianza unakatika. Ukikatika, natoka, nikifika mlangoni unanirudisha."

"Tangu lini?"

"Tangu hizo mvua zingine."

"Mama anajua?"

"Mama anajua niko na malaria."

Nilitoa damu. Nikampa kichupa cha mkojo, nikamweleza aende nacho na alete asubuhi, kidogo tu unatosha. Kesho yake alikuja na chupa ya nusu lita. Imejaa. Imefunikwa vizuri, imefungwa kwenye gazeti, na ameibeba kwenye kikapu cha mbele cha baiskeli kutoka Murera.

"Haiya! Mzee, si nilikupa kichupa?"

"Nilikiona. Nikaona ni kidogo sana, mtanifikiria mimi ni mchoyo." Yeye kila mteja alimwongezea kidogo juu ya kipimo, hata mkojo hakuweza kuutoa bila nyongeza. Nilicheka mpaka mwenzangu wa chumba cha pili akaja kuuliza kuna nini, na mzee naye akacheka, mabega yakitikisika. Tulicheka pamoja, mimi na yeye. Nakumbuka kicheko hicho kuliko ninavyokumbuka namba iliyotoka.

Namba ya ile damu ya tezi ilitoka juu. Si juu ya kutisha, lakini juu. Na mkojo ulikuwa na maambukizi. Sasa kazi yetu ina mpaka wake: maabara inapima, daktari ndiye anasoma na kumweleza mgonjwa. Nilijua hivyo. Nilitakiwa kumpa bahasha na kumwambia, nenda pale kliniki. Basi.

"Daktari, niambie tu. Ni mbaya?"

"Mzee, mimi sisomi majibu. Peleka kwa daktari."

"Wewe ndiye umenitoa damu. Yule atajua damu yangu kukushinda?"

Nikamtazama. Kofia iko gotini, kama siku ile ya ngazi. Vidole vinazungusha ukingo wa kofia, vinazungusha. Sikuwahi kumwona na hofu. Nami nilitaka hofu imtoke, nilitaka arudi kuwa yule wa kengele. Nikasema, na maneno nayajua moja moja: "Usiogope, Mzee. Hii namba inapandishwa na vitu vingi. Maambukizi haya yanaweza kuipandisha. Hata kukalia baiskeli kila siku kunaweza kuipandisha."

"Baiskeli?"

"Ndiyo, inaweza."

"Kumbe ni baiskeli!" Akasimama. Uso wake ulifunguka, mimi sijui nikwambie vipi, ulifunguka kabisa. Akavaa kofia. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Na ndipo, akiwa ameshafika mlangoni, mgongo wake kwangu, na mama mwenye mtoto anaingia, na simu inalia, ndipo nikasema yale mengine: kwamba atibu maambukizi, apumzishe baiskeli, halafu baada ya wiki kadhaa turudie kipimo, na ikibaki juu aende akaangaliwe zaidi. Nilisema. Lakini nilimwambia mgongo. Sababu ya kutulia nilimpa mkononi, agizo nikamtupia nyuma.

Laiti ningesema maneno machache tu ya lugha yake. Mzee, maziwa yakipoa, pima tena. Angenielewa hata akiwa barabarani. Maneno hayo nilikuwa nayo, alinipa mwenyewe getini kwangu, na siku ile hayakunijia.

Dawa ya maambukizi aliinunua duka la dawa kwa kuonyesha karatasi ya mkojo. Ile ya damu akaikunja akaiweka ndani ya Biblia. Kwa daktari hakurudi. Na wiki hiyo hiyo aliuza baiskeli.

Hilo ndilo jibu nililokuahidi. Watu wanafikiri alipuuza. Hakupuuza. Alitoa kitu alichokipenda kuliko vyote, akakiuza kwa mtu wa Juja, akarudi kwake kwa miguu, na mke wake anasema jioni hiyo hakula. Katika akili yake alikuwa amelipa, na mtu aliyelipa hivyo harudi kuuliza kama deni limeisha. Maumivu ya mkojo yalipungua kwa sababu ya zile dawa. Yeye akaona ni baiskeli imemwachilia.

Sisi tukaona kituko. Mzee alianza kuletwa na pikipiki, mikebe imefungwa kila upande, na yeye nyuma ya dereva amekaa kiupande kama mama aliyevaa sketi ya kanisa, miguu yote upande mmoja. Gatongora ilicheka wiki nzima. "Mzee, panda kama mwanaume!" Naye hakujali. "Kiti ni kiti," anasema, "mimi nimeonywa." Kengele alikuwa ameing'oa kabla ya kuuza, akaishika mkononi, akawa anaipiga kutoka nyuma ya pikipiki, mbili fupi na moja ndefu.

Mimi pia nilicheka. Nisamehe, lakini nilicheka. Aliponipita getini aliniinulia kengele: "Daktari, dawa yako inafanya kazi!" Nikamjibu, "Vizuri sana, Mzee!" Nilidhani anasema vidonge. Kila asubuhi nilimwona amekaa kiupande, kila asubuhi nikampa sufuria, na sikumwuliza, Mzee, ulirudia kile kipimo? Nikijitetea nitasema kulikuwa na watu, na huwezi kumwuliza mwanaume habari za mkojo wake mbele ya Mama Lita Mbili. Hiyo ni kweli. Lakini kweli yenyewe ni kwamba nilikuwa nimesahau. Napima watu wengi. Kwangu alikuwa amerudi kuwa nusu lita ya asubuhi.

Halafu nilipata kazi kwingine nikahamia Kahawa Sukari, huko nikanunua maziwa ya pakiti kama watu wengine. Ikapita miaka miwili tangu siku ya bahasha. Mchana mmoja simu ikalia. Ilikuwa mke wake. Namba yangu alikuwa nayo ya mambo ya maziwa.

"Daktari, Mzee amelazwa hapa Thika. Anakutaja kila siku. Njoo umsalimu, kama una nafasi."

Nilikwenda saa ya kuwaona wagonjwa. Sikumtambua mara moja. Mwili ulikuwa umeisha, mikono ile ya kubeba mikebe imebaki mifupa, na kando ya kitanda unaning'inia mfuko wa mkojo. Lakini aliponiona aliinua mkono, akaitafuta kengele kwenye kabati dogo la wodi. Alikuwa nayo! Akaipiga, nesi akageuka kwa hasira, wagonjwa wakacheka.

Mama alinitoa kidogo pembeni akaniambia. Mkojo uliziba kabisa, wakamkimbiza hospitali. Huko nyuma alikuwa analalamika mgongo, akisema ni ile mikebe ya zamani. Sasa vipimo vyote vilikuwa vimefanywa, na saratani ilikuwa imetoka kwenye tezi ikaingia mifupa ya mgongo. Walikuwa wanampa dawa za kumpunguzia maumivu. Mama alisema yote hayo bila kulia. Alishika pochi yake kwa mikono miwili.

Mzee naye alitaka kunihadithia vipimo, kama fundi anavyomhadithia fundi mwenzake. "Yule wa kupima tezi kwa kidole," alisema, akipunguza sauti kwa ajili ya mke, "wee! Nilifikiri nitakufa kwa aibu. Ikaisha kabla sijamaliza kusema Baba Yetu. Hiyo ndiyo tunaogopa miaka yote?" Halafu picha ya tumbo. "Walininywesha maji mpaka nikavimba. Wakanipima nikiwa nimejaa, wakaniambia nenda msalani, nikatoa nilichoweza, wakanipima tena waone kilichobaki. Mara mbili, Daktari. Nikawaambia, hapo sasa mnajua kazi." Na vile vipande vidogo vya nyama walivyochukua kwa sindano. Alivielezea vyote. Alikuwa amefurahi kupimwa vizuri.

Kisha akawageukia wazee wa vitanda vya jirani. "Huyu ndiye niliyewaambia. Huyu ndiye aliyegundua baiskeli. Bila huyu ningekuwa nimekufa kitambo." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, kama siku ile. "Alinipa miaka miwili. Hata mdogo wangu nilimpa dawa yako."

"Mdogo wako gani, Mzee?"

"Huyu wa hapa Thika, askari wa kiwandani. Mwaka jana kanisa lao lilileta watu wa kupima wanaume, namba yake ikatoka juu. Wakamwambia sijui aende wapi, sijui afanye nini. Nikamwambia, wewe, usihangaike. Unaenda kazini na nini? Baiskeli. Acha baiskeli. Ameacha. Yuko sawa kabisa."

Nilikaa ukingoni mwa kitanda, na mama akanitazama, na nikaona kwamba mama ameelewa uso wangu.

Wacha niseme nilichowaza, hata kama ni cha aibu. Niliwaza kunyamaza. Niliwaza nimwombe mama namba ya huyo mdogo, pembeni, nimpigie mwenyewe, na mzee afe akinishukuru. Ingekuwa rahisi kwake, na kwangu ingekuwa rahisi zaidi. Lakini mimi ni nani kwa yule askari? Sauti ya mwanamke asiyemjua kwenye simu. Yeye aliacha baiskeli kwa neno la kaka yake mkubwa, na neno la kuliondoa lile lilikuwa la kutoka mdomo ule ule.

"Mzee," nikasema, "baiskeli haikukupa ugonjwa. Na kuiacha haikuutibu."

Akauachia mkono wangu.

"Baiskeli inaweza kupandisha namba kidogo, kwa muda. Ndiyo maana mtu anaiacha siku kadhaa, halafu anapimwa tena. Ni kama maziwa ya moto. Nilitaka upoe, nikupime tena."

"Ulisema hivyo?"

"Nilisema. Ulikuwa umeshafika mlangoni."

"Sikusikia."

"Najua hukusikia. Na sikukufuata."

Akafikiri. Nilimwona akifikiri, anazungusha kengele vidoleni kama alivyozungusha kofia. "Nilipita getini kwako siku ngapi baada ya hapo?"

"Kila siku, Mzee. Mpaka nilipohama."

"Na hukuniuliza."

"Sikukuuliza."

Akageuza uso ukutani. Wazee wa jirani wakaangalia blanketi zao. Mama alisema, "Ai, Baba," mara moja tu. Mimi nililia, na sikuwa na haki ya kulia pale mbele ya mama aliyekuwa halii, lakini nililia. Nesi alikuja akaangalia mfuko, akaandika, akaenda zake.

Kisha mzee akasema, bado akiutazama ukuta, "Mama, nipigie yule."

Mama alipiga, akaweka sauti ya nje, akaishika simu karibu na mdomo wa mzee. Mdogo wake alishika na furaha.

"Mkubwa! Nilikuwa nije jioni na uji."

"Ile namba yako ya kanisani. Ulirudia?"

"Ya nini tena? Si niliacha baiskeli? Natembea kwa miguu siku hizi, niko fiti kukuliko."

Mzee akafumba macho. "Sikiliza. Mimi nilikudanganya."

"Ati?"

"Nilikudanganya. Haikuwa baiskeli. Maziwa yamepoa, kapime tena."

Huyo mdogo alizoea kumwona kaka yake akipima maziwa, alijua maana yake. Sauti yake sasa haikuwa ile ya kwanza. "Kesho niko kazini, Mkubwa."

"Kesho asubuhi, kabla ya kazi. Kuna mtu wa maabara atakungojea, Mama atakuelekeza."

Hakunitaja. Hakusema fulani aliniambia nusu, hakusema nilipotoshwa. Uongo wangu wote aliubeba kama wake, mtu ambaye alimwaga lita ishirini mtaroni kwa sababu ya maji ya kuoshea. Mama alipokata simu, mzee alinigeukia, na hakutabasamu, na sitakudanganya kwamba alinisamehe. Hakusema hivyo.

"Wewe mwenyewe umpime," alisema. "Na ukimpa majibu, akigeuka kwenda, mshike koti."

Alizikwa Murera kabla mwezi haujaisha. Lakini asubuhi iliyofuata simu ile mdogo wake alikuja kwenye maabara yangu mpya, amevaa sare ya kiwanda na koti zito la uaskari, anafanana na kaka yake masikio na mwendo. Nilimtoa damu. Nikamwambia arudi keshokutwa, akarudi. Namba ilikuwa imepanda kuliko ya mwaka jana. Nikaandika jina la hospitali, siku, na mlango wa kuingilia, nikampa karatasi, nikaanza kumweleza.

"Sawa, Daktari, nimeelewa," akasema, akitazama saa. Akageuka kwenda.

Nikamshika koti.